Mota ya Projest na Vyanzi Kumi na Viwili

Jumatatu, 6 Julai 1992

Imezunguka! Saa tatu na nusu asubuhi, mbele ya mashahidi wawili (mimi na dada yangu Eseri), mashine yangu imechonga kyanzi. Nusu kyanzi. Halafu mota ikaanza kunuka kama maharage yaliyoungulia chunguni, nikazima.

Niandike inavyofanya kazi, ili siku nikifa wasibishane. Kuna ekseli mbili za baiskeli zilizolala sambamba, zimeunganishwa kwa mnyororo. Ekseli ya kushoto nafunga kyanzi cha mfano, yaani kile chombo cha mti ambacho wafugaji wanakamulia na kuhifadhia maziwa. Ya kulia nafunga gogo. Nikizungusha pedali, vyote viwili vinageuka pamoja. Juu yake kuna mkono wa chuma. Ncha yake moja inapapasa kyanzi cha mfano, nyingine imebeba mota yenye kisu. Ncha ikipanda, kisu kinapanda. Ikishuka, kinashuka. Gogo linageuka kyanzi bila mtu kufikiri. Miaka miwili nimeijenga. Eseri anasema kwa miaka miwili mwenzangu angekuwa na shamba la kahawa.

Mota niliitoa kwenye mashine ya kukatia vyuma iliyotupwa na watu wa barabara. Walisema imekufa. Haikufa, ilichoka tu.

Umeme unatoka kwenye jenereta ya parokia. Mwendeshaji wake ni mimi. Huwashwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu hadi saa saba, ili kupandisha maji kwenye tanki. Nimevuta waya mrefu hadi kwenye banda langu, nikaufunika kwa majani ya migomba. Padre Egbert hajui. Hajauliza.

Jumanne, 7 Julai

Nimeendesha baiskeli hadi Bweranyange kwa Mzee Karekezi, mwenye ng'ombe wengi kule mbugani. Nimefika nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Shikamoo, marahaba, nikapewa maziwa.

Binti yake Kantengwa anaolewa Jumamosi ya tarehe 25. Bibi harusi atatoka nyumbani na vyanzi kumi na viwili vipya. Pungufu ya hapo, mzee alisema, ukweni watadhani anatoka kwenye nyumba ya mbuzi. Alikuwa karibu kumpa kazi Mbonimpa, yule mchongaji mzee wa Kanoni anayetumia tezo na kisu kilichopinda. Mbonimpa alikuwa ameahidi vinane au tisa, kama mkono hautamvimba.

Nikasema kumi na viwili, Jumatano ya tarehe 22. Mzee akanitazama. Akasema nikifanya hivyo nitaondoka na mtamba mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nilimwona mtamba huyo. Naye aliniona.

Shida ni Speciose, dada yake Mzee Karekezi. Mjane, mrefu, mwenye macho ya kuuliza. Alisimama mlangoni, akataka kujua kama mashine hiyo imeshatoa hata kimoja. Nikasema ndiyo. Akaomba nimletee akione. Nikasema kinakauka.

Hata hivyo alinipa kyanzi cha marehemu mama yao kiwe mfano. Alikifunga kwenye kanga mara tatu. Njia nzima nilikuwa namfikiria. Mwanamke mwenye maswali mengi kiasi kile lazima nyumba yake iwe sawasawa.

Jumatano, 8 Julai

Nimegundua adui ni mmoja tu: joto. Kisu kizuri, mkono mzuri, pedali nzuri. Mota inachemka.

Sina kipimajoto, kwa hiyo nimebuni changu. Naweka kiganja juu ya mota, nataja watoto wa marehemu babu kwa kufuata walivyozaliwa. Wako kumi na wanne. Wa kwanza Yustasi, wa tatu Rwegoshora, wa tisa Placidius, wa mwisho shangazi Therese. Mota baridi, natulia hadi kwa Therese. Ikifika kwa Placidius ni onyo. Kwa Rwegoshora, zima haraka.

Leo baada ya dakika tano za kazi nimeshindwa kumaliza jina la Yustasi.

Nikaamua kufanya kazi dakika tano na kupumzika nusu saa. Nikapiga hesabu. Kwa mwendo huo vyanzi vitakamilika mwezi wa Oktoba, Kantengwa akiwa tayari mjamzito.

Ijumaa, 10 Julai

Wazo! Mtu mwenye homa anawekewa kitambaa cha maji. Nimelowesha gunia, nikaivisha mota kama blanketi.

Dakika tatu za kwanza zilikuwa nzuri sana. Moshi mweupe ulipanda, nikajua joto linatoka. Nikafika hadi kwa Placidius. Halafu cheche, mlio kama wa paka aliyekanyagwa, na kule parokiani jenereta ikanyamaza.

Tanki lilikuwa limefika nusu. Masista walikuwa wameshapaka shuka zote sabuni. Padre Egbert alinikuta nimeinama kwenye jenereta na bisibisi. Akauliza kulikoni. Nikajibu kwamba maji yameingia kwenye umeme. Ni kweli tupu. Akanisifu kwa kuwahi.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya Misa Mbonimpa alikuja kuniona. Nilitegemea atakuja na kinyongo. Alikuja na parachichi mbili.

Alizunguka mashine mikono ikiwa nyuma. Akapapasa kisu, akapapasa mnyororo. Akachuchumaa nyuma ya mota, akaonyesha kijiti cha chuma kinachochomoza pale, chenye alama ya skrubu, akauliza ni kitu gani kilikaa hapa zamani. Nikamweleza kwa upole kwamba hapo ndipo mota inapoishia. Akasema kwenye cherehani za umeme za wahindi kule Bukoba aliwahi kuona mahali kama hapo pana kifeni kidogo. Nikamwambia hii siyo cherehani.

Akauliza swali la pili. Na ndani?

Nikauliza ndani ya nini.

Ndani ya kyanzi, akasema. Nje naona. Ndani inachongwaje?

Nikasema ndani ni hatua ya pili. Akaitikia kwa kichwa, akamenya parachichi, akaondoka. Wivu unawasumbua watu hata uzeeni.

Jumatatu, 13 Julai

Hewa! Mivukuto miwili ya mhunzi, nimeipanga chini ya miguu, kulia na kushoto. Mikono inazungusha pedali, miguu inavukuta, macho yanatazama kisu. Eseri alichungulia mlangoni, akasema kama nina uchungu wa tumbo niende zahanati.

Hewa ilikuwa nyingi. Nikafika kwa Therese na kurudi! Kumbe mivukuto nimeiweka upande yanakoangukia maranda. Kila nikivukuta, unga wa mti unaingia kwenye mota. Baada ya robo saa ikakohoa. Nakohoa na yenyewe inakohoa. Nikazima.

Nimeifungua yote, nikaisafisha kwa unyoya wa kuku. Humo ndani ulitoka unga wa kutosha kupika uji.

Vyanzi vilivyokamilika: kimoja. Siku zilizobaki: tisa.

Jumanne, 14 Julai

Nimekaa upenuni nimekata tamaa, nikayatupa macho nyuma ya nyumba ya Eseri.

Niseme kwanza kuhusu Eseri. Ni mjane, ana watoto wanne shuleni, na ana pipa, chungu kikubwa na bomba la shaba lililosokotwa kama nyoka. Anachotengeneza na vitu hivyo sitakiandika hapa, kwa kuwa serikali haikipendi. Mvuke unapita kwenye bomba, bomba limezama kwenye pipa la maji baridi, mvuke unapoa, unadondoka. Unapoa! Miaka minane napita pale kila siku!

Nikifunga bomba lile kuzunguka mota, na maji baridi yapite ndani yake kutoka kwenye pipa lililoinuliwa juu, joto litaondoka na maji, na maji hayatagusa waya. Nilisimama. Nikakaa tena. Nikasimama.

Eseri amekwenda msibani Kyerwa, anarudi Jumatatu. Nimeliazima bomba. Angekuwepo angekubali, ndiyo maana sikuona haja ya kumsubiri.

Jumatano, 15 Julai

Therese! Therese! Therese!

Saa nne mfululizo. Maji yanaingia baridi, yanazunguka mota mara tisa, yanatoka vuguvugu, yanadondoka kwenye debe, nayarudisha kwenye pipa. Nimetaja ukoo mzima mara tatu na kiganja hakina habari. Vyanzi vinne. Vinne! Mabega ya duara, shingo nyembamba, vinafanana hata mama mzazi hawezi kuvitenganisha.

Nimeketi nikivitazama. Sikumbuki mara ya mwisho kitu nilichokisema kikawa kama nilivyosema.

Ijumaa, 17 Julai

Vingine vinne. Jumla tisa, na kile cha kwanza.

Saa nane mchana Speciose amefika kwa miguu kutoka barabarani, mwavuli mkononi. Nilifuta kiti mara mbili. Akaviona vimepangwa mezani, akaweka mwavuli chini. Akachukua kimoja, akakipitishia kidole shingoni taratibu kabisa. Akasema ni vizuri kuliko cha mama yake.

Nilifuta kiti mara ya tatu.

Halafu akakipima kwa mkono. Akakigeuza juu chini. Akakigeuza tena.

"Fundi Projest, maziwa yanaingilia wapi?"

Nikamweleza kuhusu hatua ya pili. Akauliza hatua hiyo ni lini. Nikasema hiyo ndiyo rahisi, ngumu ilikuwa joto. Akavitazama vyote tisa, kimoja kimoja, akasema haya. Akakifunga kyanzi cha mama yake kwenye kanga, akasema kama mfano umekwisha kazi ataondoka nacho. Alinishukuru kwa chai. Sikuwa nimempa chai.

Jenereta ilikuwa imezimwa tangu saa saba. Nikaiwasha tena, nikafunga kisu kirefu, nikajaribu hatua ya pili. Kisu kiliingia juu kama inavyotakiwa, kikatokea ubavuni. Sasa viko vinane.

Jumatatu, 20 Julai

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyo.

Saa nne asubuhi nilikuwa najaribu hatua ya pili kwa kisu kifupi. Mlango ukapigwa teke. Aliingia Kyomukama, mkuu wa mgambo wa kata, na vijana wake wawili. Akaona pipa la maji. Akaona bomba la shaba lililosokotwa. Akaona debe linalodondokewa. Akasema niko chini ya ulinzi kwa kosa la kupika gongo.

Nikasema hiyo ni mota. Akasema kila mtu ana jina lake analoita.

Nilipelekwa kwa Katibu Kata kupitia katikati ya soko, nimebeba debe mwenyewe kama kielelezo. Nyuma yangu vijana wawili walibeba mashine, bomba likiwa limezunguka mota. Watu waliacha kununua ndizi. Nilimwona Eseri kwenye umati, amerudi msibani, mikono kichwani. Alikuwa anaangalia bomba, siyo mimi.

Katibu Kata ni mtu wa taratibu. Aliagiza Padre aitwe, kwa kuwa niko chini ya parokia. Padre Egbert akaja akihema. Ikabidi nieleze yote, na katika kueleza yote ikabidi nieleze waya. Padre akauliza kama hata zile shuka za masista nazo zilikuwa mimi. Nikasema ndiyo, Padre.

Katibu Kata akasema dawa ni kuonja. Padre alichovya kidole kwenye debe, akaonja. Akasema ni maji. Akaonja tena, akakunja uso. Akasema ni maji, lakini yana historia.

Sikuwa nimeliosha bomba. Sikuwa nimefikiria kuliosha. Nilikuwa nafikiria joto.

"Bomba ni la nani?" Katibu Kata akauliza.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema langu, nafungwa. Nikisema la Eseri, anafungwa yeye, na wale watoto wanne ada yao inatoka kwenye bomba hilo hilo. Nikasema, "Langu."

"Mwongo!" akapaza sauti Kyomukama. "Si lake huyu. Bomba hili nalijua. Lina mbonyeo pale karibu na mdomo, na limefungwa kitambaa chekundu."

Kitambaa chekundu kilikuwepo kweli.

Katibu Kata akaweka kalamu chini. "Umelijulia wapi, Kamanda?"

Kyomukama alitazama dari, akatazama vijana wake. Nao wakatazama dari.

"Nauliza," akarudia Katibu Kata, "umeliona mara ngapi bomba hili, hata ukajua kitambaa chake?"

Kyomukama akasema akifikiri vizuri, hawezi kuwa na hakika. Mabomba yanafanana. Kwamba, kwa kweli, ukilitazama kwa jicho la kawaida, hiyo ni mota.

Kesi imefutwa. Katibu Kata ameandika: chombo cha ufundi.

Jumanne, 21 Julai

Padre amechukua ufunguo wa jenereta. Hakufoka. Alisema jenereta ni ya maji, na kwamba kuanzia sasa nitahesabu mishumaa. Kufoka kungekuwa nafuu.

Eseri ameng'oa bomba lake kwenye mota. Hasemi nami. Lakini chakula aliniletea, ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, na juu yake kipande cha nyama ambacho kwa kawaida angekificha. Aliweka sahani, akasimama kidogo, akaenda.

Nina vyanzi vinane visivyo na ndani. Kesho ndiyo siku ya kukabidhi.

Jumatano, 22 Julai

Nimekwenda Kanoni kwa Mbonimpa, vyanzi vinane nyuma ya baiskeli ndani ya gunia. Nilipanga kumwambia kwamba nampa heshima ya hatua ya pili.

Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba yake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, umevimba hadi kwenye kiwiko. Pembeni yake vimepangwa vyanzi tisa. Vina ndani. Nilitia mkono nikahakikisha.

Kumbe tarehe 8, siku moja tu baada ya mimi kuondoka Bweranyange, Speciose alimjia akamwambia achonge vingi awezavyo na asiseme neno. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Mbonimpa akasema alijaribu kuniambia, akaleta parachichi.

Vyake tisa. Vimepungua vitatu. Akavitazama vyangu, akavisifu kwa dhati. Akasema kwa mkono ule hawezi kutoboa hata kimoja kabla ya Jumamosi, na mti wenyewe umeshakauka. Akasema twende tumweleze mzee ukweli kwamba ni tisa.

Nikasema bila shaka. Nikasema nitavipeleka mimi, yeye apumzishe mkono.

Njiani nilifikiri. Kila kyanzi kinafunikwa mfuniko wa ukili. Kikifunikwa, nani anajua? Mgeni anapewa cha mbele. Cha nyuma kinakaa nyuma. Ukweni wanahesabu: kumi na viwili. Wanaridhika. Baada ya harusi nitatoboa vile vitatu kwa nafasi yangu. Simdanganyi mtu. Nakawiza tu. Mzee nimempelekea salamu kwamba vyote vitafika alfajiri ya harusi.

Jumamosi, 25 Julai

Nimefika Bweranyange alfajiri, nikavipanga mwenyewe kwenye kichanja cha miti. Tisa mbele, nikavijaza maziwa, vitatu nyuma, mifuniko yote nimeikaza kwa uzi. Mzee Karekezi akahesabu kwa kidole. Kumi na viwili. Akanishika bega. Speciose akahesabu pia. Alihesabu mara mbili. Kabla hajasogea karibu, wageni wakaingia.

Watu kama mia mbili. Kantengwa alikuwa amependeza na alikuwa analia kama inavyotakiwa. Msemaji wa upande wa bwana harusi ni mjomba wake, Twagirayezu, mzee mwenye fimbo na sauti. Alisema maneno mazuri kuhusu ng'ombe kwa nusu saa. Kisha akakaribishwa achague kyanzi, anywe kwa niaba ya ukoo wake.

Wote huchukua cha mbele. Twagirayezu alisogea, akavitazama, akanyoosha fimbo juu ya vile tisa, akagusa cha nyuma. Kile chenye mabega mazuri kuliko vyote. Nilichokichonga Jumatano saa tano.

Niseme ukweli, kwa sekunde moja nilijisikia fahari.

Akakiinua. Mkono ukashuka kwa uzito. "Kizito!" akawatangazia watu. "Nyumba hii ina maziwa!" Vigelegele. Akakata uzi, akaondoa mfuniko, akafumba macho kwa heshima, akainamisha kyanzi mdomoni.

Akainamisha zaidi.

Akafumbua macho. Akachungulia. Akakigonga kwa kidole. Ko, ko, ko.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Twagirayezu akauliza, polepole sana, kama hili ni fumbo. Kama nyumba hii inawaambia kwamba binti wanayempeleka ni hivi, nje tu. Mzee Karekezi aliinuka kitini. Vijana wa upande wa pili wakaanza kuokota fimbo zao. Kantengwa aliacha kulia, na hapo ndipo niliogopa.

Mlango wa nyuma ulikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Nilikuwa nimeshaupima.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Nilisimama. Nikasema, "Ni changu mimi. Nimekichonga mimi na nimekiweka pale mimi. Nyumba hii haina kosa, na binti hana kosa. Aliyechonga vile tisa ni Mbonimpa wa Kanoni, navyo vimejaa."

Ningenyamaza hapo ingetosha. Lakini Twagirayezu akauliza mtu anachongaje kyanzi akasahau ndani. Kwa hiyo nikamweleza. Nikaanza na watu wa barabara. Nikaeleza gunia, mivukuto, unga wa mti, maji yanavyozunguka mara tisa. Nikataja watoto wa babu hadi kwa Therese. Nilipofika kwenye mgambo na debe, mwanamke mmoja upande wa ukweni akashikwa na kicheko, akajaribu kukizuia kwa kanga, kikatokea puani. Basi ikawa hivyo. Hata vijana wenye fimbo. Twagirayezu alicheka hadi akakaa chini, na alipotafuta kitu cha kukalia, alikalia kyanzi changu. Akasema kinakalika vizuri.

Wakanywa cha Mbonimpa. Harusi ikaendelea.

Adhabu yangu: kuwapa wageni wote maziwa, kwa magoti, hadi jua linapozama. Magoti hayapo tena.

Jumapili, 26 Julai

Mtamba amekwenda Kanoni kwa Mbonimpa. Ni haki. Nilimtazama akipita barabarani, baka jeupe na yote. Hakugeuka.

Twagirayezu ameondoka na vyanzi vyangu vitatu. Anasema anataka na cha mkewe na cha mgeni.

Jumanne, 11 Agosti

Siku kumi na mbili niko Kanoni kila baada ya kazi ya mishumaa. Mbonimpa ananifundisha ndani. Unakaa, unabana kyanzi kwa miguu, unaingiza kisu kilichopinda, unageuza kifundo cha mkono, unatoa ganda moja dogo. Unarudia. Mbonimpa hazungumzi sana. Mkono wake umepona, lakini ananiachia mimi nimalize.

Leo nimemaliza. Kyanzi kimoja, chenye ndani. Tulikijaza maji, tukakaa tukakitazama. Hakikuvuja. Nikayamwaga, nikakijaza tena, na Mbonimpa akaenda kuangalia mtamba wake.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimempelekea Speciose kyanzi changu. Hakuuliza swali hata moja. Alikifukiza moshi, akakisuuza, akakamulia humo humo mbele yangu, akaninywesha wa kwanza. Nilipoomba ruhusa ya kuondoka alisema mbona mapema. Halafu akasema, huku akiangalia pembeni, kwamba nyumba yake ina nafasi ya kimoja kingine kama hicho. Nisifanye haraka. Nichonge kwa mkono, polepole, nikileta hata mwakani ni sawa, bora nikilete mwenyewe.

Njia nzima nilikuwa naimba.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimefikiri. Kimoja ni kidogo. Mwanamke kama Speciose, kimoja! Anaona haya tu kuomba. Nitampelekea arobaini, kabla ya Noeli.

Kuna fundi huko Rubwera ana mota ya pampu, kubwa mara tatu ya ile. Nimemwandikia, na leo jibu limefika. Anasema ni nzima kabisa na yuko tayari kuibadilisha na baiskeli yangu. Inapata moto, anasema, lakini kidogo tu.